Mguu umekatwa chini ya goti, sasa ufanyeje: mwongozo kamili kuanzia kitanda cha hospitali mpaka unapanda boda tena

Nianze na mto. Siku ya tatu baada ya kukatwa mguu mamangu alikuja wodini na mto mpya wa maua maua, ameupitia soko la Owino, akaninyanyua goti taratibu akauweka chini yake akasema haya mwanangu pumzika. Na kwa kweli nlipumzika, goti likikunjika kidogo maumivu yanatulia, nikalala na ule mto wiki mbili nzima na hakuna aliyesema kitu maana wodi ilikua imejaa mpaka chini, manesi wawili wanakimbia huku na huku. Siku ya kwanza kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaniambia nyoosha goti, nikanyoosha, yaani mi nilijua nimenyoosha, yeye akapitisha mkono chini ya goti na mkono wote ukapita ukatokea upande wa pili. Akatikisa kichwa tu. Ule mto ulinigharimu karibu miezi mitatu ya kulivuta goti lirudi, na machozi juu yake.

Kwa hiyo kama hutasoma hadi mwisho chukua hili moja uende nalo: goti lako ndo mtaji. Mguu wa bandia unaweza kungoja, pesa zitatafutwa, fundi yupo, lakini goti likishakaza kwenye kukunjika hakuna fundi atakayekutengenezea mguu ukatembea vizuri. Kazi kubwa inafanyika kabla ya mguu wa bandia, sio baada, na wengi wetu tunakaa tu tukingoja mguu kama mtu anayengoja taksi.

Mimi ni mtu wa Bombo, Uganda, Kinubi na Kiswahili ndo lugha za nyumbani, nlikua naendesha boda Kampala mpaka lori lilipopita juu ya mguu wa kulia. Sio daktari. Ninayoandika hapa ni niliyofundishwa na mafizio, mafundi na wenzangu waliokatwa kabla yangu, na wewe daktari wako akikwambia tofauti kuhusu kidonda chako msikilize yeye. Na hii ni ya waliokatwa chini ya goti. Waliokatwa juu ya goti mengi yatawafaa pia ila kwao nyonga ndo kila kitu, na kutembea kwao kunakula nguvu zaidi sana. Sisi wa chini ya goti tunatumia nguvu kama robo zaidi ya mtu wa miguu miwili, wao inapita nusu. Ndo maana madaktari wakiweza kuliokoa goti wanaliokoa.

Kitandani, siku za kwanza

Usiweke mto chini ya goti. Usiweke mto katikati ya mapaja. Usikae ukingoni mwa kitanda kigutu, yaani kile kipande cha mguu kilichobaki, kinaning'inia. Ukikaa kwenye kiti au wheelchair weka ubao chini ya paja utokeze mbele, kigutu kilale juu yake kimenyooka, ubao wowote tu, wangu ulikua kipande cha mlango wa kabati. Watu wa nyumbani wakiona kigutu kimevimba watataka kukiinua, waambie wainue kitanda chenyewe, matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa chini, goti libaki limenyooka. Na wanaokuja kukutazama waambie mapema, kwa sababu kila shangazi atakayeingia ataulizia mto uko wapi.

Kisha kulala kifudifudi. Fizio akisharuhusu, lala kwa tumbo dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku, uso umegeukia upande wa mguu mzima, yaani ule ambao haukukatwa. Hii inavuta nyonga, maana mtu anayeshinda amekaa nyonga nayo inajikunja kama goti. Godoro likiwa limebonyea katikati halifai, shuka ulale kwenye mkeka chini. Mwanzoni dakika tano zilikua nyingi kwangu, nikawa nasikiliza taarifa ya habari redioni kwa tumbo, ikiisha najigeuza. Tafuta kitu cha namna hiyo.

Na usiku. Hili nalisisitiza maana karibu kila niliyeongea naye limemkuta. Unaamka saa nane mkojo umebana, akili bado iko usingizini, na akili ya usingizini haijui kwamba mguu umekatwa. Unashuka kama zamani. Mimi nilianguka hivo wiki ya nne, nikakiangukia kigutu chenyewe, mshono ukafunguka kidole kizima nikarudi kushonwa upya. Weka kiti cha plastiki kimegusa kabisa upande unaoshukia ili ukiamka mkono ukiguse kwanza, chupa ya mkojo karibu, na tochi. Mke wangu alifunga leso kwenye kiti hadi kitandani ili nisishuke bila kuifungua, nlicheka lakini ilinisaidia.

Mazoezi, haya machache yatosha

Watu wanatafuta video za mazoezi 40. Haya yatosha kuanzia, kila moja mara 10, asubuhi, mchana na jioni, na kila ukikaza unahesabu hadi tano ndo unaachia.

Kunja taulo dogo ulipitishe chini ya goti, halafu ligandamize goti chini kama unataka kulibana taulo kwenye godoro. Misuli ya mbele ya paja itakaza utaiona. Hii ndo baba wa mazoezi yote, na taulo unalitoa ukimaliza, lisigeuke mto wa mamangu.

Lala chali, mguu mzima umekunja goti, kigutu kimenyooka kabisa, kiinue mpaka kilingane na goti la upande mwingine, kishushe polepole. Ukilala ubavu wa mguu mzima, inua kigutu kwenda juu bila kukileta mbele, hapo ni misuli ya pembeni ya nyonga, na hiyo ndo itakuzuia usitembee ukiyumba kama bata. Ukiwa kifudifudi inua paja kwenda nyuma. Halafu kunja blanketi liwe gogo, weka mapaja juu yake, nyanyua makalio.

Mikono pia. Kaa kwenye kiti imara chenye mikono, jisukume kwa viganja mpaka makalio yaache kiti. Mikono hii ndo itakubeba kwenye magongo, na ukikaa kitandani mwezi mzima unashangaa jinsi ilivyokua legelege, mimi niliyekua nabeba magunia ya mkaa kwenye boda nilishindwa kujiinua mara sita.

Goti likiuma kidogo wakati wa kulinyoosha ni kawaida, kuvuta kunauma. Ila kidonda kikitoa maji au damu au maumivu yakabaki masaa mengi baada ya zoezi, punguza, rudi uonwe.

Kufunga bandeji

Hii usianze mwenyewe kabla ya kuruhusiwa, na mara ya kwanza ufungwe na fizio ukiangalia, mara ya pili ufunge wewe yeye akiangalia. Kazi yake ni kupunguza uvimbe na kukipa kigutu umbo, maana kigutu kilichovimba kama balbu hakiingii kwenye mguu wa bandia.

Nunua bandeji ya kuvutika, ya upana wa inchi nne, na ununue mbili ili moja ifuliwe wakati nyingine imefungwa. Kaa, kigutu kimenyooka mbele yako. Anzia juu kidogo upande wa mbele, shuka mpaka chini uzunguke ncha, panda kwa mshazari kwenda nyuma, zunguka juu ya goti, shuka tena kwa mshazari upande wa pili, kila mara zinakatana kama nambari nane. Mshazari, mshazari. Ukizungusha duara duara kama unafunga kifurushi umejifunga kamba, damu haipandi na ncha itavimba zaidi. Mvuto uwe mkali zaidi kwenye ncha na upungue kadri unavyopanda, ukimaliza uweze kuingiza kidole juu lakini chini kusiwe na nafasi. Kingo isiwe na mkunjo. Malizia kwa plasta ya kubandika, sio pini, pini itakuchoma.

Ifungue kila baada ya masaa manne hadi sita, angalia ngozi, funga upya, na usiku pia lala nayo ukiwa umeruhusiwa. Ikianza kupwita, au ngozi kubadilika rangi, au ganzi, toa hapo hapo usingoje saa zitimie. Bandeji ifue kwa sabuni ya kawaida, ikamue kwa kuibonyeza kwenye taulo, ianike ikiwa imelala juu ya kitu sio kuning'inia, ukiitundika kwenye kamba inavutika inakua kama tambi ndani ya wiki mbili.

Kidonda kikishapona kabisa anza kukizoesha kigutu kuguswa. Kipapase kwa viganja, baadae kwa kitambaa laini, baadae taulo, kigongegonge kwa vidole. Kovu lenyewe lisugue kwa kidole kimoja, ngozi isogee juu ya mfupa isigande nao. Mwanzo utahisi kama umeguswa na nyaya za umeme. Endelea kidogo kidogo, mguu wa bandia utakigusa kwa uzito wako wote kwa hiyo bora kizoee na taulo kwanza.

Mguu usiokuwepo kuuma

Wewe sio mwendawazimu na hujarogwa. Nasema hivi kwa sababu mi niliambiwa na mzee mmoja wa jirani kwamba mguu haukuzikwa vizuri, tuufukue tuunyooshe vidole, na nilikua karibu kukubali maana nlikua nahisi dole gumba limepindwa nyuma usiku kucha, dole ambalo halipo duniani. Daktari mmoja wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, aliyapa haya mambo jina tangu 1871, kwa hiyo ni ya siku nyingi na ni ya dunia nzima. Ubongo bado una ramani ya mguu, na mishipa iliyokatwa inaendelea kupeleka habari.

Mwambie daktari, zipo dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu na si panadoli, panadoli hapa mara nyingi haitoshi. Vitu vya nyumbani: bandeji iliyofungwa vizuri inasaidia, kukipapasa kigutu kunasaidia, kuukunja na kuunyoosha huo mguu hewa kwa mawazo kunasaidia. Na kioo. Ni ujanja wa mtaalamu wa ubongo V.S. Ramachandran wa miaka ya 1990: unakaa miguu imenyooka, unasimamisha kioo kirefu katikati ya miguu, kigutu kinafichwa nyuma ya kioo, unaangalia mguu mzima ndani ya kioo na unaonekana kama una miguu miwili. Chezesha vidole polepole, kunja, nyoosha, dakika 15 kila siku. Sio kila mtu inamshika. Kwangu wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili lile dole lilinyooka, nikalala mpaka adhuhuri.

Magongo

Yapimwe ukiwa umesimama na kiatu. Kati ya kichwa cha gongo na kwapa vipite vidole viwili au vitatu, na mkono ukishika mpini kiwiko kikunjike kidogo. Uzito unakaa kwenye viganja, sio kwenye makwapa. Ukining'inia kwa makwapa mishipa inabanwa, mikono inaanza ganzi na kiganja kinaweza kulegea kabisa, nimemuona mtu.

Ngazi: kupanda mguu mzima unatangulia, magongo yanafuata. Kushuka magongo yanatangulia, mguu unafuata. Siku za mwanzo awepo mtu nyuma yako ukipanda na mbele yako ukishuka, ashike mkanda wako na sio mkono.

Raba za chini ndo maisha yako na hapa Uganda zinaisha haraka, udongo mwekundu ukilowa ni sabuni tupu. Zikiisha alama zake badilisha. Ukikosa dukani mpelekee fundi wa lugabire, yule anayekata sandali za matairi, akukatie duara mbili azigongee vizuri. Na kabla hujakanyaga sementi iliyolowa, kwenye bafu ama veranda ya duka iliyopigwa deki, simama kwanza uiangalie.

Choo cha shimo

Hakuna kitabu kinaongelea hili na ndo lilinifanya nipunguze kula mwezi mzima, ujinga. Nunua kiti cha plastiki imara chenye mikono, fundi akate tundu katikati, lainisha kingo kwa moto au sandpepa, kiweke juu ya shimo. Kiti chepesi kinaserereka, kwa hiyo fundi akipigilie mbao mbili chini zinazokaa pande zote za shimo. Ukutani pigilia ubao au bomba la kushikia, upande wa mkono wenye nguvu. Ukiwa umepanga na landilodi hataki misumari, shika kamba nene iliyofungwa kwenye boriti ya paa, nimeishi nayo mwaka. Kuoga, kiti kingine kabisa, jerikeni pembeni, na kata ya kumimina, usisimame kuoga.

Kupata mguu wenyewe

Kigutu kikishapona, uvimbe umeisha na umbo halibadiliki ndo unapimwa. Kwa wengi ni kuanzia wiki ya sita hadi miezi mitatu, wenye sukari mara nyingi wanangoja zaidi. Njia ya kujua: pima mzunguko wa kigutu kwa futi ya fundi cherehani, mahali pale pale, kila Jumapili, andika. Namba zikitulia wiki mbili tatu, nenda.

Warsha za viungo bandia zipo hospitali ya Mulago, Kampala, na kwenye hospitali za rufaa kama Gulu, Mbale, Fort Portal na Mbarara. Ya Gulu ilihudumia watu wengi sana waliokanyaga mabomu ya ardhini wakati wa vita vya kaskazini, mpaka Uganda ikatangazwa haina mabomu hayo mwishoni mwa 2012. Kisubi, njia ya Entebbe, kuna hospitali ya CoRSU, na watoto wengi wanapelekwa Katalemwa Cheshire Home. Piga simu kabla ya kusafiri, uliza mambo matatu: kama vifaa vipo kwa sasa, utalipa nini, na utarudi mara ngapi. La tatu ndo watu wanasahau. Mguu haununuliwi siku moja kama kiatu, utaenda kupimwa, kujaribu, kurekebishwa, na kufundishwa kutembea, kwa hiyo nauli na pa kulala viwe kwenye hesabu.

Siku ya kupimwa fundi atavuta soksi nyembamba juu ya kigutu, achukue penseli ya rangi aanze kuchora: mfupa wa mbele, kifundo cha pembeni cha chini ya goti, ule mshipi mgumu chini ya kofia ya goti. Halafu anazungusha plasta iliyolowa, inapata joto taratibu kama chai iliyomwagika, na anakubonyeza kwa madole gumba mawili chini ya kofia ya goti mpaka igande. Ile michoro inabaki ndani ya plasta, na inamwonyesha wapi abane wapi aachie. Mshipi ule wa chini ya goti unavumilia uzito, mfupa wa mbele na kile kifundo cha pembeni havivumilii. Kwa hiyo usikae kimya ukiogopa kumsumbua, sema kila panapouma. Mi nilinyamaza kwa adabu, fundi ni mzee wa watu, nikaja kurudi mara tatu.

Uliza pia kuhusu unyayo. Ipo ya raba inayovumilia maji na peku, mfano Jaipur foot kutoka India, inafaa wakulima na watu wa matope. Nyingine lazima kiatu.

Wiki za kwanza na mguu

Siku ya kwanza vaa nusu saa tu. Vua, angalia ngozi yote, na nyuma tumia kioo kile kile. Wekundu pale panapobeba uzito ni sawa mradi unapotea ndani ya dakika 10 hadi 20 (kwa ngozi yetu nyeusi sio wekundu hasa, ni weusi uliozidi na joto, pitisha mgongo wa mkono ulinganishe). Usipopotea, au pakawa na lengelenge, usivae kesho, rudi kwa fundi. Vikitulia ongeza nusu saa kila siku. Usivae mguu juu ya kidonda hata kama kuna harusi. Nasema kuna harusi kwa sababu ndo ilivyokua, nilivaa kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya kutambulishana wakwe, ya mdogo wangu, nikakaa na magongo mwezi mzima baadae.

Kutembea, anza katikati ya kamba mbili au mbao mbili za kushika, uhamishie uzito upande wa bandia mpaka uamini. Wengi tunarusha mguu wa bandia hatua ndefu halafu mzima tunaukimbiza haraka kwa woga. Hatua zilingane. Gongo moja ukibaki nalo lishike mkono wa upande wa mguu MZIMA. Watu wanashika upande wa bandia ndo maana wanainama.

Soksi ni somo lenyewe. Kigutu kinanywea kadri siku inavyokwenda na miezi inavyopita, kwa hiyo asubuhi unaweza kuvaa soksi moja na saa nane mchana unahitaji mbili. Ncha ya kigutu ikianza kuuma umezama chini sana, ongeza soksi. Ukiona huingii vizuri na unabanwa juu, punguza. Ukifika soksi nyingi mno na bado unacheza ndani, soketi, ile sehemu ya mguu wa bandia inayoingia kigutu, imekua kubwa, hapo soksi haitibu kitu. Tembea na moja ya akiba mfukoni, kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kavu.

Osha kigutu jioni, sio asubuhi, ngozi yenye unyevu ndani ya soketi inachubuka. Soketi ipanguse na kitambaa chenye sabuni kidogo, ikauke usiku. Soksi fua kila siku, jasho la Machi si mchezo.

Na viatu: mguu umepangwa kwa urefu wa kisigino fulani. Ukivaa kisigino kirefu zaidi unasukumwa mbele, ukivua kabisa unahisi unapanda kilima na goti linasukumwa nyuma. Hiyo niliigundua msikitini siku ya kwanza nilipovua viatu mlangoni, nikasimama kwenye safu kama mtu aliye juu ya mtumbwi. Sasa nina jozi ya raba safi za msikitini tu, imamu ameridhia, na nikichoka naswali kwenye kiti.

Mtaani

Boda: panda kutoka upande wa mguu mzima. Simama kwa mguu mzima, mshike dereva bega, rusha wa bandia juu ya kiti. Mimi niliyekatwa wa kulia napandia kushoto, wewe wa kushoto mwambie dereva asimame upande unaokufaa, na asiondoke mpaka useme twende. Magongo weka katikati yako na yeye yakiwa wima, yasitokeze pembeni yakanase kioo cha taksi. Unyayo wa bandia uangalie kwa macho kama uko kwenye kikanyagio, hauhisi.

Kazi: mi nimekua wakala wa mobile money na kutengeneza simu, nakaa sana, kwa hiyo goti nalinyoosha juu ya kreti ya soda kila mteja akiondoka, na ule mto wa maua wa mamangu ndo naukalia.

Michezo ipo. Mpira wa waliokatwa viungo unachezwa Uganda, kila timu watu saba, wa uwanjani wana mguu mmoja na magongo, mguu wa bandia unaachwa nje, kipa ndo mwenye mkono mmoja, na gongo haliruhusiwi kugusa mpira makusudi. Ukiangalia dakika tano utaacha kujihurumia, wale jamaa wanakimbia. Riadha tunaye David Emong, fedha ya mita 1500 Rio 2016, medali ya kwanza ya Paralympics, olimpiki ya walemavu, kwa Uganda, akaongeza shaba Tokyo. Kuogelea Husnah Kukundakwe alienda Tokyo ana miaka 14.

Pesa na haki, kwa kifupi. Kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020, na kuna ruzuku maalumu ya serikali ambayo haitolewi kwa mtu mmoja mmoja bali kwa vikundi, kwa hiyo jiungeni kisha muoneni afisa wa maendeleo ya jamii wa sabukaunti yenu. Kwenye mabaraza mna madiwani wanaowakilisha walemavu, mwanaume na mwanamke, watafuteni mapema na si wakati wa kura. NUDIPU, umoja wetu wa kitaifa, upo tangu 1987. Mkienda kwao bebeni barua za hospitali zote, hata iliyochanika.

Hatari za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: harufu au usaha, homa, ngozi kuwa nyeusi, mshono kufunguka, au ule mguu mzima kuvimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, hasa ukiambatana na kifua kubana, hiyo inaweza kua damu imeganda, usingoje asubuhi. Na wenye sukari, mguu uliobaki uangalieni kila jioni, katikati ya vidole, chini ya unyayo, msitembee peku hata uani, na maji ya moto pimeni kwa kiwiko na sio kwa mguu.

Fundi umuone angalau kila miezi sita hata kama hakuna kinachouma, skrubu zinalegea na unyayo unapasuka chini bila wewe kujua. Wangu ulianza kulia kwii kwii kila hatua, wateja wakawa wananijua nafika kabla hawajaniona, nikaupuuza miezi miwili, kumbe boliti ya kifundo ilikua imebaki uzi mbili tu. Na magongo usiyauze wala usimpe mtu. Yangu yapo nyuma ya mlango, raba mpya, kwa sababu zipo siku kigutu kitaamka hakitaki kuvaa kitu na choo hakingoji.